Bibi, Wewe ni Hatari

Bibi alimfumia mjukuu wake sweta. Kazi ilichukua miezi miwili, maana bega la kushoto lilikuwa linavuta na Bibi si mtu wa kuacha bega livute. Alilifumua mara tatu. Kijana mwenyewe, mtoto wa dada yangu, alipolivaa akajipiga picha, akamtumia Bibi pamoja na ujumbe wa sauti wa sekunde tano hivi: "Bibi, wewe ni hatari! Noma sana!"

Bibi aliusikiliza mara mbili, akailaza simu kifudifudi mezani, akanitazama juu ya miwani. "Kwani nimemkosea nini?"

Nilicheka, na sikutakiwa kucheka, kwa sababu hakuwa anatania. Nikamweleza kwamba anasifiwa. "Kwa kuitwa hatari?" Ndiyo Bibi, siku hizi mtu akifanya kitu kikapita kiasi huitwa hatari. Akafikiri kidogo. "Na mimi nikimwambia mama yake kwamba mwanawe ni hatari, atafurahi?" Hapo nikakosa jibu.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kusumbua wenzangu. Ukinisifia kitu, nalipindua lile neno kwanza, kama mtu anayegeuza sahani kuangalia chini yake imetengenezwa wapi. Mara nyingi alama iliyo chini haifanani hata kidogo na maua yaliyo juu.

Hatari yenyewe ni neno la Kiarabu, na huko kwao lina pande mbili tangu zamani. Upande mmoja ni jambo la kuogofya. Upande wa pili ni uzito, hadhi, ukubwa wa mtu mbele za watu. Sisi tulichukua ule upande wa kuogofya, tukauandika kwenye nguzo za umeme pamoja na fuvu la kichwa, tukatulia. Halafu vijana wakaufikia ule upande wa pili kwa njia zao wenyewe, bila kumuuliza mtu Kiarabu.

Na haiko peke yake. Balaa ni msiba, ni mtihani ulioshushwa, lakini "yule winga ni balaa" ni sifa ambayo winga mwenyewe angependa iandikwe gazetini. Noma ya mtaani ni soo, ni tatizo, ni jambo la kukutia aibu. Ukisikia "hapa kuna noma" unatafuta mlango, ukisikia "ngoma hii ni noma" unaongeza sauti. Hata shida, maskini, imepandishwa cheo: "huyu jamaa ni shida" maana yake hakamatiki.

Lililonivutia zaidi ni kali. Kisu kikali, jua kali, mbwa mkali, maumivu makali: kote humo kuna kitu cha kukuchoma. Kisha tunapata wimbo mkali, picha kali, na mtu anayeitwa mkali. Unajuaje kama mkali fulani anasifiwa au unatahadharishwa naye? Sikiliza kale kaneno kanakofuata. "Mkali kwa watoto" ni onyo, mlete mwanao ukijua. "Mkali wa mashairi" ni sifa. Ukali ukielekezwa kwa watu tunaogopa, ukielekezwa kwenye kazi tunapiga makofi. Hakuna mtu aliyetufundisha kanuni hii darasani, wala sijaiona ikielezwa hivyo, lakini mtoto wa miaka kumi haikosei.

Kiboko ndicho kilichosafiri mbali kuliko vyote. Kwanza ni mnyama wa mtoni. Kisha ni mjeledi uliokatwa kwenye ngozi ya mnyama huyo. Wakati wa utawala wa Wajerumani, kipimo cha kawaida cha adhabu kilikuwa viboko 25, na watu wakakiita hamsa ishirini. Jina likawaganda hata watawala wenyewe. Leo "huyu ni kiboko yao" ni sifa tamu, na anayeisema hafikirii mto wala mgongo wa mtu. Lakini mantiki ya mjeledi bado imo. Kiboko hawezi kuwa kiboko peke yake, lazima wawepo "wao" wa kuchapwa. Ni sifa inayohitaji mtu mwingine alie.

Na kuna ile ya moto wa kuotea mbali, ambayo naipenda kwa sababu inasema ukweli wote bila kuficha. Huyu mtu ana joto ninalolitaka, lakini sisogei.

Nilidhani haya ni mambo yetu ya mtaani, kumbe wenzetu wote wamepita njia hiyo. Terrific ya Kiingereza ilikuwa kitu cha kutia hofu kuu kabla haijawa sifa ya likizo nzuri. Formidable ya Wafaransa imetoka kwenye neno la Kilatini la woga, na leo Mfaransa huitumia kusifu chochote kilichomkolea. Bravo, ambayo ukumbi mzima husimama kuipigia kelele, kwa Kihispania bado ni sifa ya ng'ombe dume anayeingia kiwanjani kutafuta mtu wa kumchoma pembe, na Italia ya karne ya 17 wahuni waliokodiwa na matajiri kuwatisha watu waliitwa bravi. Kwa hiyo mwimbaji anayeinamisha kichwa kupokea bravo anaitwa mkali, kwa maana zote mbili.

Wapo wanaosema vijana wanaharibu lugha kwa kuyageuza maneno hivi. Mimi naona wanafanya kazi tuliyowaachia. Sisi tumeitumia nzuri kwa kila kitu, kuanzia hali ya hewa hadi ripoti ya mapato na matumizi, hadi haibebi tena mzigo wowote. Mwambie mshairi kwamba shairi lake ni zuri uone atakavyosubiri uendelee. Hofu bado ina joto, ndiyo maana ukitaka kusema kitu kimekugusa kweli unakwenda kuazima huko.

Ujanja nao una historia yake, nitaipitia upesi. Mjanja kwenye kamusi ni mtu wa hila, wa kukuzunguka. Leo mzazi humwambia mwanawe "kuwa mjanja" huku akimtengenezea kola. Mwerevu amepita hapo hapo, ingawa yeye anajifanya hakupita; methali bado inamkumbusha: mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Kwa nini mwerevu awe mashakani, kama werevu wake haukuwa na mtu wa kuliwa? Waingereza wana pretty, neno la kumsifu msichana kwa sura, ambalo katika Kiingereza cha kale lilimaanisha mwenye hila. Naona kila jamii hufika mahali ikachoka kuwalaumu wajanja, ikaanza kuwatamani.

Sasa niende penye uzito.

Muungwana. Ukitaka kumsifu mtu kwa Kiswahili bila kumpamba, unamwita muungwana na inatosha. Mtu wa neno lake, asiyepayuka, anayejua kuomba radhi. Mimi mwenyewe nimewahi kumwandikia marehemu rafiki yangu mistari ya kusoma mazikoni, na kati ya kila nilichoandika, hilo ndilo neno moja ambalo mama yake alilirudia: "Umesema kweli baba, alikuwa muungwana."

Chini ya sahani hiyo kuna soko la watumwa. Muungwana ni mtu huru, aliyezaliwa huru, asiye mtumwa. Halikuwa neno la tabia, lilikuwa neno la daraja, kama vile leo unavyosema huyu ni raia na yule si raia. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria mwaka 1897. Katika miaka hiyo ya katikati, na kabla yake, kulikuwa na jambo la kushangaza likitokea njiani. Wapagazi wa pwani, waliobeba pembe na nguo na shanga kati ya bahari na maziwa makuu, walijiita Waungwana. Msafiri na mwandishi Henry Morton Stanley alipoajiri watu Zanzibar mwaka 1874 kwa safari yake ya kuvuka bara, ndivyo alivyowaandika, Wangwana. Wengi kati yao walikuwa watumwa bado, au walikuwa watumwa juzi juzi. Mtu mwenye bwana wake kisiwani, akiisha kuvuka bahari na kuweka mzigo begani, alijiita huru, na huko bara hakukuwa na mtu wa kumwambia hapana.

Hapo ndipo neno lilipoanza kulegea, nadhani. Kama uungwana unaweza kuvaliwa njiani, basi haumo tena kwenye damu. Unaonekana kwa mwendo, kwa nguo, kwa namna ya kusema. Ukionekana kwa namna ya kusema, haupiti muda mrefu kabla haujawa ni hiyo namna ya kusema yenyewe.

Methali imehifadhi ushahidi. Tunapenda kusema "muungwana ni vitendo", tunaiandika kwenye kadi, wanasiasa wanaimalizia hotuba. Hiyo ni nusu. Methali nzima ni: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Mja hapo ni mtumwa. Mtumwa huongea, mtu huru hutenda. Ni dharau kamili, imepangwa kwa mizani. Tumekata nusu ya kwanza tukaitupa, tukabaki na nusu inayotupendeza, na mshono hauonekani. Kila nikiisikia kwenye kipaza sauti namfikiria yule mja ambaye hata kwenye methali ya kumtukana hakuachiwa nafasi.

Mstaarabu ana alama mbaya zaidi chini yake. Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kujifanya Mwarabu, kufuata mila za Waarabu. Kinyume chake alikuwa mshenzi, jina ambalo watu wa pwani waliwapa watu wa bara, yaani wengi wetu. Leo mshenzi ni tusi tupu na mstaarabu ni sifa tupu, na mtu anayeomba foleni isogezwe kistaarabu haombi mtu yeyote ajifanye Mwarabu. Wapo wasomi wanaolikataa neno hili kabisa. Mimi sijaliacha. Lakini nikilitumia naona haya kidogo, kama mtu anayevaa koti zuri alilorithi kwa mtu asiyempenda.

Wazungu wasitucheke. Generous, mkarimu, ni neno la Kilatini la mtu aliyezaliwa ukoo mkubwa. Karimu yetu, kutoka Kiarabu, vivyo hivyo: kabla ya kuwa mtoaji alikuwa mtu wa nasaba. Na villain, yule mwovu wa kwenye sinema, alikuwa mkulima wa shamba la bwana, hana kosa lingine. Ukikusanya maneno ya kusifia tabia katika lugha yoyote, chini yake utakuta orodha ya waliokuwa na mali.

Nimesema sifa mara nyingi bila kuligeuza neno lenyewe. Kwa Kiarabu sifa si pongezi. Ni namna kitu kilivyo: urefu wake, rangi yake, tabia yake. Wanasarufi wa Kiarabu huita hivyo kivumishi, na sisi tukafuata: kivumishi cha sifa ni kile kinachosema kitu kikoje, hata kikiwa kibaya. "Chafu" ni kivumishi cha sifa. Nakumbuka darasani jambo hili lilinichanganya kabisa. Nilimuuliza mwalimu uchafu umesifiwaje, akaniambia nikae chini.

Maana hii ya kwanza haijafa, imevaa suti tu. Tangazo la kazi huorodhesha sifa za mwombaji, chuo hutoa sifa za kujiunga, na hakuna anayedhani mwombaji anapambwa. Wasifu, ile karatasi unayoambatanisha na barua, umetoka mzizi huo huo, kuelezea. Halafu tunakuja kusema "anapenda sifa", na hapo ghafla sifa ni sukari. Imekuwaje maelezo yakawa pongezi? Nadhani ni aibu yetu tu. Ukiombwa umweleze mtu mbele yake utachagua mazuri, na ukifanya hivyo kwa karne kadhaa, kueleza na kusifu vinakuwa kitu kimoja. Mimi nimeshaombwa barua ya kumtambulisha kijana fulani ambaye sifa yake kuu ilikuwa kwamba hajaiba. Niliandika "mwaminifu" na nikalala vizuri.

(Najua kuna msomaji anamsubiri mgema na tembo lake. Mgema amechoka, tumwache apumzike.)

Kuna maneno ambayo hayakupanda, yaliporomoka. Afadhali ni la kwanza. Kwa Kiarabu, neno lililolizaa lina maana ya aliye bora kuliko wote, mwenye ubora uliozidi. Kwetu limetua katikati ya ngazi: "Mgonjwa anaendeleaje?" "Afadhali." Maana yake hajapona, ila jana ilikuwa mbaya zaidi. Ukimwambia mpishi chakula chake ni afadhali, usitegemee kualikwa tena. Heri nayo ni neno la baraka, mambo yote mema yamo ndani yake, na angalia tunavyolituma: heri nusu shari kuliko shari kamili. Tumemkodi malaika atusaidie kuchagua kati ya mabaya mawili.

Bora ina maisha mawili kabisa na inategemea imekaa wapi. Ikikaa nyuma ya jina ni taji, ikikaa mbele ni kukata tamaa. Mchezaji bora anapewa kikombe; bora mchezaji ni yeyote aliyekuja na viatu. Wanaharakati wa elimu waliuona mchezo huu zamani wakautumia vizuri: tunataka elimu bora, si bora elimu. Na mwisho wa mteremko kuna bora liende, ambapo neno la ubora wa juu kabisa limekuwa jina la kazi ya hovyo.

Barabara ni kinyume chake, neno la kipimo lililofanya vizuri maishani. Ni la Kiajemi, sawasawa, bega kwa bega, na nilipokuwa mdogo lilikuwa sifa ya mtu mzima anayejua anachosema: umeng'amua, anakuambia "barabara!" Mkazo unaanguka kwenye silabi ya pili. Ukiusogeza ukaanguka kwenye ya tatu umeishia njiani, unasubiri gari. Nimesikia wasomaji wa habari wakimsifu mtu kwa njia ya lami bila kujua.

Na kuna mtaalamu, ambaye sitamaliza makala bila kumchokoza. Mwalimu na mtaalamu ni ndugu, wote watoto wa neno la Kiarabu la elimu. Mwalimu ni afundishaye. Mtaalamu, kwa asili yake, ni ajifunzaye, ni mwanafunzi. Sisi tumewapindua: mwanafunzi sasa ndiye anayeitwa kwenye redio kutoa ufafanuzi, na mwalimu anamsikiliza. Ingawa Tanzania ilisawazisha mambo kwa namna yake, ikachukua cheo cha mtu wa chaki na kukifanya jina la heshima ya juu kabisa ya nchi: ukisema Mwalimu, bila jina, kila mtu anajua ni Nyerere.

Sasa jembe, ambalo nimelichelewesha kwa sababu linanihusu.

Mahali fulani nilipofanya kazi, mkubwa wetu alikuwa na kawaida ya kunitambulisha kwa wageni akiniwekea mkono begani: "Na huyu ndiye jembe letu." Wageni wananipa mkono, mimi natabasamu hadi masikio. Ilikuwa sifa ya kweli, hakuna kejeli ndani yake. Jembe ni mtu wa kazi, asiyechagua udongo. Nilikaa nikiwa jembe kwa miaka minne. Jumamosi jembe lipo. Mtu akiugua, jembe linashika zamu yake. Siku nilipoomba likizo ya wiki mbili, tena yangu, iliyoandikwa kwenye mkataba, mkubwa alishangaa kwa dhati, akacheka: "Jembe nalo linachoka?"

Nilirudi mezani kwangu nikalitazama lile neno kwa mara ya kwanza. Jembe huchomekwa mpini. Jembe halichagui shamba, halili mavuno. Likilika linakuwa fupi, na mwenye shamba hununua jingine bila kinyongo, kwa sababu hakuna anayegombana na jembe. Sikuwa nimevikwa kilemba cha ukoka, yule mzee hakuwa mnafiki. Alinieleza kwa usahihi kabisa nilivyokuwa machoni pake. Ilikuwa sifa kwa maana ile ya Kiarabu.

Baada ya hapo nikaanza kuwasikia ndugu zake jembe kila mahali. Klabu ikisajili mchezaji, magazeti ya michezo yanaandika kifaa kipya kimetua. Mshambuliaji ni mashine, ni mtambo, beki ni chuma. Zamani tuliwasifu watu kwa wanyama na milima: Rashidi Kawawa, waziri mkuu wa zamani, alikuwa Simba wa Vita, mwanamuziki Marijani Rajab alikuwa Jabali la Muziki, na jabali ni mlima wa mawe. Simba hana mwenyewe. Jabali hulisogezi. Kifaa kina mwenyewe, kina bei, na kikiharibika kuna jinsi kinavyozungumziwa. Sisemi mtu mmoja alikaa akapanga hivi. Nasema tu kwamba nikiitwa simba nitashuku ninadanganywa, na nikiitwa mashine nitauliza mafuta ni ya nani.

Lugha yenyewe, kwa ucheshi wake, imeshalipa kisasi. Punguza jembe upate kijembe, ile ncha ndogo ya maneno tunayorushiana tukiwa tumechukiana lakini tunataka kuonekana tunacheka. Siku naaga pale kazini, kwenye hotuba fupi ya shukrani, nilisema nimejifunza kwamba hata jembe lina mpini. Nusu ya ukumbi walicheka. Mkubwa alipiga makofi.

Na kwenye shukrani ndipo nilipokutana na neno lililonifanya niandike haya yote. Asante. Tunalitamka mara ngapi kwa siku? Nililidhania ni neno la kupokea, kama risiti. Kumbe ni sifa. Ahsanta, kwa Kiarabu, ni sentensi kamili: umefanya vizuri. Ndiyo kauli ambayo wasikilizaji wa Kiarabu humtupia msomaji wa Kurani au mshairi anapokata kipande kikawagusa. Mzizi wake ndio uliomzaa Hassan na Hussein, na hisani pia, ile ya "matangazo haya yameletwa kwenu kwa hisani ya". Kwa Mwarabu, kauli hiyo inamhusu mwanamume mmoja. Mwanamke ana umbo lake, kundi lina lake. Sisi tulichukua lile la mwanamume mmoja tukampa kila mtu, na tulipohitaji kuwashukuru wengi tukalibandika kijimkia chetu cha Kibantu, asanteni.

Tofauti hii si ndogo kwangu. Nashukuru inanitazama mimi: nimepata. Asante, kwa asili yake, inakutazama wewe: umefanya. Nikisema asante kwa aliyenifungulia mlango, simwambii nimefaidika na mlango, namwambia ameufungua vizuri. Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtu anaweza kujibu asante kwa asante bila kuonekana punguani. Katika miaka minne ya ujembe, sikumbuki kama niliambiwa asante. Niliambiwa mengi makubwa zaidi.

Nilimweleza Bibi haya siku moja, yote, kuanzia hatari hadi asante. Alisikiliza huku akifuma. Safari hii ilikuwa kofia. Ya Kiarabu hayakumshangaza, alisoma chuo cha Kurani utotoni, ahsanta aliijua. Cha mja na muungwana alikinyamazia kwa muda mrefu, halafu akasema, "Nyanya yangu alikuwa anaimaliza yote, ile methali," na hakuendelea, nami sikumuuliza.

Kofia ilipokwisha, kijana akatuma tena picha, na sauti: "Bibi, wewe ni balaa!" Safari hii Bibi hakuuliza mtu. Alishika simu karibu na mdomo kama mtu anayenong'ona kwenye kikombe, akamjibu neno moja: "Marahaba."

Sasa marahaba, kabla hatujaifunga kwenye kibanda cha shikamoo, ilikuwa neno pana. Upana ndio asili yake. Mwarabu akikuambia hivyo anakuambia kuna nafasi, ingia. Na Waswahili wa zamani waliitumia kukubali jambo lililowapendeza: vyema, nimeridhika, umesema. Bibi alikuwa anampokea mjukuu wake kwa neno lililomtosha.

Dakika mbili baadaye simu yangu ikalia. "Mjomba," kijana anasema, sauti yake ya chini, ya wasiwasi, "Bibi amekasirika? Nimesahau kumwamkia?"